BARUA YA SHEIKH AHMAD YA MWAKA 1908: HOJA YENYE NGUVU NA HOJA DHAIFU



Ndugu zangu katika imani, shukrani zote ni za Allah (s.w.), na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na masahaba zake. Ama baad.

Leo darasa ni refu kidogo. Kaa kitako, usome taratibu mpaka mwisho, kwa sababu jambo hili limetaka kuua mtoto hapa kwetu Itigi.

Majuzi baada ya swala ya Alasiri alinijia mama mmoja, mtu mzima, mcha Mungu, ambaye hakosi darasa la akina mama. Alikuwa na simu mkononi. Akanionyesha ujumbe uliomfikia kwenye kundi la WhatsApp. Ni ule wasia wa mtu anayeitwa Sheikh Ahmad, mlinzi wa kaburi la Mtume (s.a.w.) kule Madina. Anadai amemwona Mtume usingizini, akaambiwa awaonye Waislamu kwamba Kiyama kimekaribia. Kisha msomaji anaamriwa ausambaze. Atakayesambaza atapata kheri, na atakayepuuza atapata msiba.

Mama yule aliupokea siku ya kwanza akauacha. Siku ya pili mjukuu wake akashikwa na homa. Roho ikamruka. Badala ya kumbeba mtoto kwenda hospitali, alikaa karibu siku nzima anatafuta namba za watu wa kuwatumia, mpaka itimie idadi iliyotajwa. Jioni mtoto akaanza kutetemeka na macho kugeuka. Jirani ndiye aliyemnyakua akampandisha bodaboda. Hospitalini ikaonekana ni malaria. Akatundikiwa dripu, akapewa dawa, na kwa rehema za Allah akapona.

Sasa sikiliza alichokuja kuniuliza. Hakuja kusema, "Sheikh, nilikosea." Alisema, "Sheikh, umeona? Sikutuma, mtoto akaumwa. Nilipotuma, mtoto akapona. Kwa nini nyinyi masheikh hamuusomi wasia huu msikitini?"

Sikumcheka. Na sababu ya kutomcheka nitaieleza mbele, maana inanihusu mimi mwenyewe. Kwanza nataka ujue barua hii imetoka wapi na imefanya nini katika nchi yetu hii.

BARUA ILIPOFIKA PWANI YETU

Wengi wanadhani ujumbe huu umezaliwa na simu. Hapana. Katikati ya mwaka 1908, wakati nchi hii ikiitwa Afrika Mashariki ya Kijerumani, barua kwa lugha ya Kiarabu zilianza kupita mkono kwa mkono katika pwani ya kusini, hasa upande wa Lindi. Barua ilijinasibisha na Sheikh Ahmad, mlinzi wa kaburi la Mtume. Ilisimulia ndoto. Iliwalaumu Waislamu kwa maasi yao, ikawaambia mwisho wa dunia umekaribia, na ikamtaka kila aipataye aipeleke kwa wengine, kutoka mji hadi mji, na ikamwonya atakayeificha.

Hebu jiweke mahali pa watu wale. Vita vya Maji Maji vilikuwa vimeanza Julai 1905 katika milima ya Wamatumbi na vikaendelea mpaka 1907. Kusini yote ilikuwa imechomwa. Wajerumani waliteketeza mashamba na maghala ya chakula ili njaa imalizie kazi ya bunduki, na walioangamia kwa vita na njaa walikuwa makumi ya maelfu, na wapo wanahistoria wanaosema ni zaidi ya laki mbili. Mtu aliyezika watoto wake kwa njaa, akisomewa barua kwamba dunia inakaribia kwisha, je, ataiona ajabu? Tayari ameshaiona dunia yake imekwisha. Barua ile ilikuta nyoyo zimejeruhiwa, ikaingia kama maji yanavyoingia kwenye mchanga. Watu walirudi kwenye swala, zikri zikashamiri, wengine wakaingia katika Uislamu.

Na Wajerumani je? Wao nao waliogopa. Wakati huo gavana alikuwa Albrecht von Rechenberg, na maofisa wake walikuwa hawajasahau Maji Maji. Wakaona barua ya Kiarabu, imetajwa miji mitakatifu, inazungumzia makafiri, inapita kwa siri. Wakahitimisha kwamba Waislamu wanapanga vita vya jihadi, na amri imetoka Makka. Wakaziita "barua za Makka". Watu walikamatwa na kuhojiwa. Katika uchunguzi likatajwa jina la Muhammad bin Khalfan al-Barwani, yule mfanyabiashara mashuhuri wa Ujiji aliyejulikana kama Rumaliza, ambaye alikuwa amewahi kupigana na Wabelgiji na baadaye akawa Unguja. Wamisionari nao wakaipata hoja. Wakasema, mnaona hatari ya Uislamu? Hata katika kongamano la mambo ya makoloni lililofanyika Berlin mwaka 1910, suala la Uislamu katika makoloni lilijadiliwa kwa moto.

Basi ndugu yangu, tazama kwa makini. Karatasi ni moja. Waislamu wakaisoma wakasema hii ni sauti ya Mtume. Wajerumani wakaisoma wakasema huu ni mpango wa vita. Pande zote mbili zilikuwa na uhakika. Na pande zote mbili zilikuwa zimesimama juu ya hoja dhaifu.

ALIYEULIZA SWALI

Huko Hamburg alikuwepo profesa wa Kijerumani aitwaye Carl Heinrich Becker, mtaalamu wa lugha ya Kiarabu na historia ya Uislamu. Alipata nakala za barua hizi akazichunguza, na mwaka 1911 akachapisha matokeo yake katika jarida lake lililoitwa Der Islam. Becker hakuwa rafiki wa Waislamu. Alikuwa msomi anayeitumikia dola ya kikoloni. Lakini alifanya jambo ambalo maofisa wa Lindi hawakulifanya, na sisi pia hatukulifanya. Aliuliza kama barua hii ilishawahi kuonekana kabla.

Jibu lilikuwepo. Mholanzi mmoja, Christiaan Snouck Hurgronje, alikuwa ameandika makala mwaka 1884 kuhusu wasia wa namna hiihii, ulioenea katika visiwa ambavyo leo ni Indonesia, wakati huo vikitawaliwa na Uholanzi. Ndoto ileile, onyo lilelile, agizo lilelile la kunakili. Yaani miaka ishirini na nne kabla ya Lindi, barua ilikuwa inatembea upande wa pili wa Bahari ya Hindi, na watawala wa huko nao walikuwa na hofu yao.

Kwa hiyo barua haikuandikwa kwa ajili ya Lindi, wala haikuwa amri ya vita dhidi ya Wajerumani. Na vita vile walivyovitabiri havikutokea.

Na kwa upande wetu swali ni zito zaidi. Sheikh Ahmad alikuwepo 1884. Alikuwepo 1908. Nilimkuta mimi katika miaka ya tisini. Na leo yupo kwenye simu ya yule mama, bado mlinzi wa kaburi, bado ameota juzi Ijumaa. Mlinzi huyu ana umri gani?

Wanazuoni wetu wenyewe hawakunyamaza. Rashid Ridha wa Misri, mwenye jarida la al-Manar, aliulizwa habari zake akaukataa. Sheikh Abdul-Aziz bin Baz wa Saudia, aliyefariki 1999, aliandika waraka mzima kuwaonya Waislamu kwamba wasia huu ni uzushi aliosingiziwa Mtume (s.a.w.). Kwa hiyo usiseme kwamba ni Wazungu tu walioukanusha.

MIZANI YA HOJA

Sasa tuingie katika somo lenyewe. Hoja ni nini? Hoja ni pale mtu anapokupa jambo moja au zaidi kama msingi, kisha akakutaka ukubali jambo jingine juu ya msingi huo. Wanazuoni wa mantiki wanaita misingi hiyo mukadima, na kile kinachotoka wanakiita natija. Imamu Ghazali (Allah amrehemu), aliyefariki mwaka 505 Hijria sawa na 1111 Miladia, aliweka utangulizi wa mantiki mwanzoni mwa kitabu chake cha usuli wa fiqhi, al-Mustasfa. Hakuona ni elimu ya kuchezea.

Kuipima hoja kunahitaji maswali matatu. Yashike.

Swali la kwanza: je, msingi umethibiti?

Swali la pili: hata kama msingi umethibiti, je, natija inafuata?

Swali la tatu: kama jambo hili lingekuwa si kweli, ningejuaje?

Nitakupa mfano wa hapahapa. Kila treni ya reli ya kati inayotoka Dodoma kwenda Tabora lazima ipite Itigi. Treni ile imetoka Dodoma na imefika Tabora. Basi imepita Itigi. Hoja hii ina nguvu. Ukikubali misingi, huna pa kutokea.

Sasa geuza. Kila anayekwenda Tabora kwa treni kutoka Dodoma hupita Itigi. Fulani kaonekana stesheni ya Itigi. Basi fulani amekwenda Tabora. Je, inafuata? Haifuati. Huenda ameshuka hapa akapanda gari la kwenda Rungwa. Huenda ni mkazi wa hapa. Huenda anauza karanga tu kwenye treni. Maneno ni yaleyale, misingi ni ya kweli, lakini natija haikufungwa vizuri. Na hoja nyingi zinazotupoteza ni za namna hii. Ndani yake kuna ukweli, na ukweli huo ndio chambo.

Tuiweke barua juu ya mizani sasa.

1. NDOTO YA KUMWONA MTUME

Watu huniambia: "Sheikh, lakini Mtume mwenyewe amesema anayemwona usingizini amemwona kweli, na shetani hawezi kujifananisha naye." Ni kweli. Hadithi hii ni sahihi, imo katika Bukhari na Muslim. Huo ni msingi wa kwanza, na una nguvu.

Msingi wa pili ni upi? Kwamba Sheikh Ahmad alimwona. Nani kathibitisha? Huyo Sheikh Ahmad ni mwana wa nani? Nani alimsikia? Aliyemsikia alimwambia nani? Hakuna. Hadithi sahihi inasema anayemwona amemwona. Haisemi kila anayedai kamwona ni mkweli. Umeona chambo kilipo? Umepewa hadithi sahihi mkononi, ukasahau kuuliza kuhusu mtu aliyeisimamia.

Na hata angekuwepo mtu mkweli kabisa aliyeota, Imamu Nawawi ameeleza kwamba ndoto haithibitishi hukumu ya sheria, kwa sababu aliyelala hayuko katika hali ya kuhifadhi na kudhibiti anachosikia, na habari haipokelewi ila kwa mtu aliye macho na mwenye kumbukumbu thabiti.

Waislamu ndio watu walioufundisha ulimwengu kuuliza "umesikia kwa nani?" Muhammad bin Sirin ametueleza kwamba mwanzoni watu hawakuwa wakiuliza sanadi, lakini fitina zilipotokea wakaanza kudai majina ya wapokezi. Tukapata elimu nzima ya kutenganisha sahihi, hasan, dhaifu na maudhui. Kisha sisi wajukuu wa watu hao tunapokea ujumbe ulioandikwa juu yake "umesambazwa mara nyingi", na hilo linatutosha kuwa sanadi!

2. WINGI WA NAKALA

"Sheikh, mimi nimeupata katika makundi saba." Sawa. Lakini makundi saba yamechota kwenye kisima kimoja. Nakala elfu moja za barua moja ni shahidi mmoja, naye hajulikani. Katika elimu ya hadithi, mutawatiri ni habari iliyopokelewa na watu wengi katika kila tabaka, tangu mwanzo wa mnyororo, wengi kiasi kwamba hawawezi kukubaliana kusema uongo. Haitoshi iwe na wengi mwishoni huku mwanzo wake ni mtu mmoja asiyejulikana. Tuna methali yetu, lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Ni methali nzuri ya kumtahadharisha mtu, lakini si dalili. Mangapi yamesemwa na hayakuwepo wala hayakuja?

3. KITISHO NA AHADI

Kitisho si dalili. Anayekwambia "amini, la sivyo utapata msiba" hajakuthibitishia kitu. Amekuogopesha tu. Utasema: mbona Qur'ani ina maonyo na ahadi? Ndiyo, lakini kwanza inakutaka utazame mbingu na ardhi, uzingatie, utafakari, na inawaambia wanaodai waje na burhani yao. Onyo la Mtume linakuja baada ya ukweli wake kuthibiti. Hii barua imeanza na kitisho na kumaliza na kitisho.

Imamu Ghazali ameeleza katika al-Munqidh kwamba anajua kumi ni zaidi ya tatu, na lau mtu angemwambia kinyume chake, kisha kama ushahidi akaigeuza fimbo kuwa nyoka mbele ya macho yake, angestaajabu amewezaje, lakini asingetilia shaka hesabu. Kustaajabu ni kitu kimoja, na dalili ni kitu kingine. Na kuogopa ni hivyohivyo.

4. MANENO MAZURI YALIYOMO NDANI

"Lakini Sheikh, barua inaamrisha swala na toba. Kuna ubaya gani?" Hapa wengi huteleza. Uzuri wa maneno hauthibitishi aliyeyasema. Mimi nikiandika mawaidha mazuri kisha nikasaini jina lako, mawaidha yatabaki mazuri, na mimi nitabaki mwongo. Na kumsingizia Mtume (s.a.w.) si jambo dogo. Hadithi ya onyo la moto kwa anayemzulia kwa makusudi ni miongoni mwa hadithi zilizopokelewa kwa njia nyingi mno.

Na usigeuze upande wa pili. Hoja ikiwa dhaifu haina maana kwamba kila kilichosemwa ni uongo. Swala ni faradhi, toba ni wajibu, na Kiyama ni haki. Haya tunayajua kwa dalili zenye nguvu, hayahitaji fimbo ya Sheikh Ahmad. Nyumba iliyojengwa juu ya mwamba, kwa nini uiwekee nguzo ya mabua? Siku mabua yakivunjika, wajinga watadhani nyumba imeanguka.

5. "SIKUTUMA, AKAUMWA, NIKATUMA, AKAPONA"

Hapa ndipo penye mama yetu. Jambo moja likifuata jingine, halijawa limesababishwa nalo. Jogoo huwika kisha jua likachomoza, lakini ukimchinja jogoo jua halitakaa ndani.

Katika hili tuna kigezo kikubwa kuliko vyote. Mwaka wa 10 Hijria, Mtume wetu (s.a.w.) alifiwa na mwanawe Ibrahim, mtoto mchanga asiyefikisha hata miaka miwili. Siku hiyohiyo jua likapatwa. Watu wakasema: jua limepatwa kwa kifo cha Ibrahim. Ndugu yangu, tafakari. Maneno haya yalikuwa ya kumtukuza. Angekuwa mtu wa kutafuta ukubwa, angenyamaza tu, na watu wangezidi kumwamini. Lakini yeye, na moyo wake umejaa huzuni ya mwanawe, aliswali na watu, kisha akawaeleza kwamba jua na mwezi ni ishara mbili katika ishara za Allah, havipatwi kwa kufa kwa mtu wala kwa kuishi kwake. Aliikataa hoja dhaifu hata ilipokuwa upande wake. Huyu ndiye Mtume ambaye watu wanamtungia barua.

6. HOJA ISIYOWEZA KUSHINDWA

Rudi kwenye swali la tatu: ningejuaje kama si kweli? Ukisambaza na ukapata kheri, barua ni kweli. Ukisambaza na usipate, hukuwa na yakini. Usiposambaza ukapata msiba, barua ni kweli. Usiposambaza na usipate msiba, basi unangojewa. Umeona? Hakuna tukio lolote duniani linaloweza kuikanusha. Wengi hudhani hiyo ndiyo nguvu yake. Mimi nakwambia huo ndio udhaifu wake. Mizani inayosoma kilo kumi kwa kila unachoweka, hata ukiweka manyoya, haikwambii uzito wa kitu chochote.

Turudi Maji Maji. Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe alifundisha kwamba maji yake ya dawa yatazifanya risasi za Wajerumani ziwe maji. Yeye mwenyewe alinyongwa na Wajerumani Mohoro, Agosti 1905, vita vikiwa vichanga. Mwisho wa mwezi uleule maelfu walilishambulia boma la Mahenge, na bunduki za rashasha zikawafyeka. Wapiganaji walipouliza kwa nini risasi hazikuwa maji, walikuwa na jibu: waliokufa walivunja masharti ya dawa. Jibu hilo liliwapeleka wengine mbele ya risasi zilezile.

Nielewe vizuri. Siwabezi wazee wetu. Walilazimishwa kulima pamba, walichapwa viboko, walitozwa kodi, wakasimama dhidi ya dhuluma, na kusimama kwao kuna heshima. Madai yao yalikuwa ya haki. Lakini haki ya madai haikuwa ushahidi wa maji. Hayo ni mambo mawili, na ukiyachanganya, watu wema wanakufa kwa ajili ya hoja mbovu.

MZEE WA RELI

Sasa nitimize ahadi yangu. Nilisema sikumcheka yule mama. Miaka ya tisini nilikuwa kijana, nimemaliza sekondari na madrasa, nimekabidhiwa kuswalisha. Abiria mmoja wa treni akaniletea barua ya Sheikh Ahmad, imetolewa fotokopi mpaka herufi zimefifia. Ijumaa ile niliisoma mbele ya watu baada ya swala. Nililia, na watu wakalia. Siku iliyofuata wenye uwezo walienda kutoa nakala, na wasio na uwezo wakaandika kwa mkono. Nilijiona nimefanya kazi kubwa ya daawa.

Kulikuwa na mzee mmoja aliyestaafu kazi ya reli. Hakuwa msomi wa kitabu. Aliningoja mpaka watu wametawanyika, akaniuliza kwa upole: "Mwanangu, barua hii umeipata kwa nani?" Nikasema, kwa abiria. "Abiria kaipata kwa nani?" Sijui. Akaniambia: "Sisi kule reli, treni haiondoki hapa kwa kuwa dereva anaona mbele kweupe. Inaondoka stesheni ya mbele ikishajibu kwamba njia iko wazi. Wewe umeachia treni imejaa watu, na hukusubiri jibu la Madina."

Wallahi sikuwa na la kusema. Nilisoma Isaghuji, nilisoma istilahi za hadithi, nikashindwa na mzee aliyesoma kazi yake tu. Ilinichukua wiki mbili kupata ujasiri. Ijumaa ya tatu nilisimama nikawaambia watu nilikosea. Wengine walinielewa. Wengine wakasema nimeingiwa na shaka ya dini. Ndivyo ilivyo, uongo husafiri kwa treni, na masahihisho huja kwa miguu.

Na mzee yule alinikumbusha jambo jingine. Kabla ya reli, eneo letu hili wasafiri waliliita Mgunda Mkali. Misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda Tabora, ikishamaliza Ugogo, ilikuwa lazima ikate vichaka hivi vyenye kiu kabla ya kufika Unyanyembe. Mtu akisema kuna maji mbele, hukumuuliza kama ana sauti nzuri au kama wengi wanamwamini. Ulimuuliza: umeyaona, au umeambiwa? Lini? Kiangazi hiki au masika yaliyopita? Kwa sababu ukikosea, unakufa na watoto wako. Wazee wa njia ile walijua thamani ya swali. Sisi tuna simu mkononi, tunadhani tumeshafika kwenye maji.

UFANYE NINI

Allah ametuamrisha katika Surat al-Hujurat aya ya 6 kwamba tukijiwa na habari na mtu asiyeaminika tuchunguze, tusije tukawadhuru watu kwa ujinga kisha tukajuta. Tazama sababu iliyotajwa, ni madhara kwa watu. Kuchunguza hoja si kiburi cha wasomi, ni huruma.

Kwa hiyo ukipata ujumbe wowote, uwe wa dini, wa dawa ya mitishamba, wa siasa au wa mkopo, uuweke kwenye maswali matatu: msingi umethibiti? Natija inafuata? Kama si kweli, ningejuaje? Usipoweza kujibu, usiusambaze. Kunyamaza kwako hakuna dhambi. Na maswali hayohayo nielekezee na mimi. Hoja yangu ikiwa dhaifu, kilemba changu hakiipi nguvu.

Mama yetu nilikaa naye kwenye mkeka. Sikumpa istilahi za mantiki. Nilimuuliza: "Mama, katika wadi ile kulikuwa na watoto wengine wenye malaria?" Akasema wengi. "Wote walipona?" Karibu wote. "Na bibi zao wote walituma wasia?" Akanyamaza kidogo. Kisha akasema, "Sheikh, basi nilimchelewesha mtoto bure." Machozi yakamtoka. Nikamwambia: mama, Allah amekurudishia mjukuu wako, mshukuru, na safari nyingine homa ikija, hospitali kwanza, dua njiani.

Ndugu yangu, umefika mwisho. Ukitaka kumpelekea mwenzako darasa hili, mpelekee. Usipotaka, hakuna msiba utakaokupata kwa ajili yake. Sikutishii na wala sikuahidi, ila nakuomba upime.

Ewe Mola wetu, tuonyeshe haki kuwa ni haki na uturuzuku kuifuata, na utuonyeshe batili kuwa ni batili na uturuzuku kuiepuka. Amin.

Wallahu a'lam.

Wabillahi tawfiq, wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakaatuh.

Ndugu yenu, imamu wa msikiti, Itigi, Singida.